Cherehani Iliyobaki Chini

Juzi niliita mtu wa chukudu aje kubeba cherehani ya mama. Nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa baada ya matanga ambao usingizi hauuondoi. Nilitaka aje, abebe, aondoke, nami nifunge mlango nilale. Akaja baba mmoja wa makamo, akaegemeza chukudu lake ukutani, ule mti wenye magurudumu mawili na usukani ambao sisi watu wa Goma tunaubebesha kila kitu isipokuwa dhambi zetu. Akapandisha cherehani juu ya ubao, akatoa mipira yake ya kufungia. Mnaifahamu mipira ile: vipande virefu vilivyokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la gari, vikaungwa kwa mafundo, na mtu huvivuta mpaka vinalia. Alipovuta fundo la kwanza, harufu ikanifikia. Nikajikuta nimekaa kizingitini.

"Mama, uko mugonjwa?" akaniuliza.

"Apana, papa. Funga tu. Funga muzuri."

Harufu ile ni ya baba yangu. Mpira uliopigwa jua, vumbi la makaa, jasho la mtu aliyesukuma tangu alfajiri. Sikuwa nimeisikia kwa nguvu namna ile tangu tulipomzika. Sasa tumemzika na mama, na nyumbani kwetu nimebaki mimi peke yangu ninayejua habari yote ya shimo nililowahi kushuka utotoni. Basi niiandike kabla uchovu haujanishinda na kalamu pia.

Mlima ulipotapika moto na moto ukashuka mpaka mjini, mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Wenzangu wa rika langu wanasimulia siku ile kana kwamba waliiona kwa macho, lakini ukweli ni kwamba wengi wetu tumeziazima hadithi hizo kwa wakubwa. Mimi nilichokuwa nacho ni sakafu. Baba alijenga nyumba ya mbao juu ya mawe yale yale yaliyokuja yakiwaka, mahali pale pale palipokuwa na nyumba yetu ya zamani, na sakafu yetu ilikuwa jiwe jeusi lililosawazishwa kwa changarawe. Kabla ya moto mama alikuwa fundi wa kushona. Baada ya moto alivunja mawe kwa nyundo akawauzia wajenzi, na nguo za watu alizishona jioni kwa sindano ya mkono, ameinamia kibatari, vidole vimepasuka. Mtu akimuuliza kwa nini hatumii mashine, aligonga sakafu kwa kisigino na kusema, "Mashini yangu iko apa chini." Halafu alicheka kicheko kifupi na kurudi kwenye sindano yake.

Mtoto hajui masihara. Mimi nilielewa kwamba mawe yameifunika nyumba yetu kama kifuniko kinavyofunika sufuria. Chini ya miguu yetu, nilijua kabisa, nyumba nzima imesimama, kitanda kimetandikwa, na cherehani iko mezani na kipande cha kitenge kingali chini ya sindano kinamsubiri mwenyewe. Usiku nililaza sikio sakafuni nikisikiliza. Sikuona sababu ya mama kuumia vidole wakati mashine yake iko karibu namna ile. Nilidhani wakubwa wamechoka tu, hawana nguvu ya kwenda kuitafuta. Kwa hilo la kuchoka sikukosea.

Njia aliijua Paluku. Paluku alikuwa jirani yetu, Mnande kama sisi, mkubwa kwangu kwa miaka miwili hivi, na alijua kila kitu, hasa kile asichokijua. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba ng'ambo ya uwanja wa ndege, ukielekea mlimani, kuna shimo lililosimama wima kama kisima, na chini yake kuna njia ambayo moto ulipita kama maji yanavyopita kwenye bomba. Njia hiyo, alisema Paluku, inapita chini ya uwanja, chini ya mji, mpaka ziwani. Kama inapita chini ya mji, nikapiga hesabu, basi inapita chini ya nyumba yetu. Nilimwambia hesabu yangu. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mzuri.

Wa tatu wetu alikuwa Furaha. Kwao walikuwa wafugaji wa milima ya Masisi, walikimbia vita wakafika mjini na kamba za ng'ombe bila ng'ombe. Kamba hizo za katani baba yake alizisokota kwa mikono yake, na zilikuwa zimetundikwa ukutani sebuleni kwao mahali ambapo watu wengine hutundika msalaba. Hakuna aliyezigusa, hata kwa kuanikia nguo. Tulipomuuliza Furaha kama tungeazima kamba hizo za kushukia shimoni alisema, "Papa atatuchinja," na hakuwa anatania. Ikabaki mipira ya baba yangu.

Niliamka kabla yake. Ilikuwa vakansi, shule zimefungwa, na baba alikuwa na safari ya kwenda kuchukua makabichi kwenye mashamba ya kaskazini, kwenye barabara ya Rutshuru. Nilifungua mipira yote kutoka kwenye chukudu lake, mmoja baada ya mwingine, nikaijaza kwenye gunia. Nilijua ninachofanya. Mtu wa chukudu asiye na mipira hawezi kubeba hata kabichi moja. Lakini nilijiambia kwamba saa sita nitakuwa nimerudi na cherehani kichwani, naye atacheka mpaka atoke machozi. Majuto ni mjukuu, walisema waliotutangulia, na mimi mjukuu wangu alizaliwa siku ile ile.

Furaha alikuja na kuku. Alimchukua kwa mama yake bila kuaga, kuku jike mwekundu, amemfunga miguu kwa kitambaa cha kitenge na kumtia kwenye kikapu. Kuku alikuwa wa mazuku. Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa, lakini kwa wageni nitasema: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni na mashimoni, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na mbuzi akishuka kula nyasi hapandi tena. Tulilelewa kwa amri moja kabla hata ya amri za Mungu: usiingie mahali pa chini bila kutanguliza kitu chenye pumzi.

Tulitembea asubuhi nzima. Mawe yale hula kandambili, na ya kwangu ya kushoto ilikatika kabla hatujafika nusu ya njia, nikaifunga kwa kipande cha mpira. Hakukuwa na mti wa kivuli. Kuku alilalamika mpaka akachoka akanyamaza, na sisi pia tukanyamaza, hata Paluku. Tulipofika kwenye shimo nilishangaa kwa jinsi lilivyokuwa dogo juu, kama midomo ya mapipa mawili yakiwekwa pamoja. Ndani lilipanuka. Kuta zake zilishuka moja kwa moja, kina cha nyumba kama zetu tatu zikipangwa moja juu ya nyingine, na kutoka chini ikapanda pumzi ya baridi yenye harufu ya chuma cha kale na majivu mabichi.

Tuliunga mipira yote, tukafunga ncha moja kwenye mwamba uliosimama ukingoni, ncha nyingine kwenye kikapu. Kikapu kilikuwa chepesi, kikaning'inia katikati. Paluku akaongeza mawe matatu chini ya kuku, mpira ukarefuka, kikapu kikashuka taratibu mpaka tukasikia kimegusa chini. Tulihesabu mpaka mia moja kwa Kifaransa, bila kuruka, kwa sababu Furaha alikuwa mkali. Tukavuta. Kuku alitoka mzima, amekasirika, akamnyea Paluku mkononi. Tulishangilia sana. Kamba inafika, hewa ni nzuri, nini tena? Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini kamba ilifika.

Nilijifunga mpira kwapani, nikatia gunia chini yake usinikate, nikashuka na buji, ndivyo tunavyouita mshumaa, na kiberiti. Mwanzoni nilishuka kwa miguu na mikono, ukuta ulikuwa na meno ya kushikia. Halafu ukuta ukarudi nyuma, miguu ikakosa pa kukanyaga, nikaning'inia. Mpira ukaanza kurefuka kwa uzito wangu, polepole, unanipeleka chini huku ukinipandisha na kunishusha, tumbo linabaki juu mimi naenda. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Vidole vya miguu vikagusa mchanga. Nikasimama, nikajivua ule mpira, nikainua mikono kuwaonyesha wenzangu kwamba nimefika.

Mpira ukaruka juu kama ulimi wa kinyonga unaporudi mdomoni. Ukapiga ukuta, ukacheza, ukatulia juu kabisa ambapo hata Paluku angesimama kwenye mabega yangu asingeushika. Tuliutazama wote watatu, wao kutoka juu, mimi kutoka chini.

"Kavira," akaita Furaha, "juu ya nini uliuachia?"

 Nilikuwa na kazi. Ya kutoka nitaijua nikirudi na cherehani, niliwaza hivyo kabisa, nikawasha buji na kuingia kwenye njia ya moto.

Njia ilikuwepo, Paluku hakudanganya. Ilikuwa ya mviringo, dari yake inadondosha maji, kuta zake laini kama ndani ya chungu. Nilihesabu hatua. Nilifikiria nitakuta nini kwanza, mlango wa mbele au dirisha la jikoni, na kama nitaweza kubeba meza pia au niiache. Hatua ya ishirini na kitu dari ikashuka. Nikainama, nikatambaa. Halafu njia ikaisha. Mbele yangu palikuwa na jiwe tupu lililojaza nafasi yote, kutoka ukuta mpaka ukuta. Niliokota kijiwe nikagonga kama mama alivyogonga sakafu. Halikuwa na sauti ya uwazi ndani. Nikagonga tena, nikasema, "Hodi." Nilisema hodi mara tatu, kama nilivyofunzwa, na baada ya mara ya tatu nikasubiri. Maji yalidondoka. Sijawahi tena katika maisha yangu kusubiri mlango kwa imani kama ile.

Niliporudi chini ya shimo niliona kwamba upande mmoja sakafu iliinama, ikafanya kama bakuli. Niliinamisha buji pale nione kuna nini. Moto ukalala, ukawa wa bluu, ukazimika. Hakukuwa na upepo. Nikarudi kinyumenyume, nikapanda juu ya jiwe kubwa lililokuwa katikati, nikapiga kelele ambayo nadhani mlima uliisikia. Kikapu chetu kilitua upande wa juu, basi kuku akapona, na sisi tukadhani shimo zima ni salama.

"Usishuke ku ile jiwe!" Paluku akaniambia. "Usikae! Usimame tu!"

Wakarudisha kikapu na mawe, mpira ukarefuka, ukafika kwangu. Wazo lilikuwa la Furaha na lilikuwa zuri. Nikajifunga. Wakavuta. Nawaambia ukweli, sijui kitu kinachochosha kama kumvuta mtu kwa mpira. Wao walirudi nyuma hatua kumi, wakiugulia, na mimi sikuondoka pale nilipo. Mpira tu ulirefuka, ukawa mwembamba, ukalia. Halafu kwa ghafla ulininyanyua kama urefu wa meza, ukanigonga ukutani, ukanirudisha juu ya jiwe kwa magoti. Tulijaribu tena. Mara ya nne niliona damu kwenye mpira nikadhani ni yangu, kumbe ni ya mikono ya Paluku. Akaketi ukingoni, miguu inaning'inia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema hajui.

"Miye naenda kumuita papa yako," akasema.

"Ameenda kwa makabichi," nikamjibu.

"Na mipira gani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Paluku akaondoka mbio. Furaha akabaki, kichwa chake kidogo cheusi mbele ya mwanga, kuku pembeni.

Tangu siku ile nimesimama kwenye foleni za maji, kwenye mipaka iliyofungwa, kwenye milango ya ofisi ambayo mwenyewe hakuja, lakini sijasimama kama nilivyosimama juu ya lile jiwe. Jua lilipita kwenye mdomo wa shimo, likaenda zake. Nilisimamia mguu mmoja, nikahamia mwingine. Kichwa kikawa kizito, sijui kwa hewa au kwa uchovu, na jiwe likaanza kuonekana kama kitanda. Nilitaka kukaa kidogo tu. Kila nilipochelewa kujibu, Furaha aliniuliza hesabu za kuzidisha, kwa Kifaransa, tangu mara mbili mpaka mara tisa, na nikikosea alinirudisha mwanzo.

"Kavira! Saba mara nane!"

"Nimechoka, Furaha."

"Sikukuuliza kama umechoka. Saba mara nane!"

Mpaka leo mtoto wangu akisoma hesabu hizo kwa sauti, magoti yananiuma. Furaha alinililia kule juu, nilimsikia, lakini hakuacha kuuliza. Nampenda kwa siku ile kuliko nilivyowapenda watu wengi wa damu yangu.

Baba alifika wakati mwanga umeanza kuwa wa rangi ya chai. Alikuwa ameshinda akiizunguka mitaa kutafuta mwizi wa mipira yake, na Paluku akamkuta njiani bado anatukana. Kama ningemwachia mipira, angekuwa mbali kwenye barabara ya Rutshuru, na hakuna mtu angekuja. Pamoja naye alikuja baba yake Furaha, na wanaume wawili waliokuwa wakipita na makaa. Na baba yake Furaha, begani, alikuwa amebeba kamba za ng'ombe. Hakumgombeza binti yake. Alizifunga kwenye mwamba kwa fundo ambalo sijawahi kuliona tena, mikono yake ikienda haraka kama ya mtu aliyekutana na ndugu.

Baba akashuka. Akasimama nami juu ya jiwe, tumebanana, kifua chake kinapanda na kushuka. Nilingoja kofi. Badala yake akanishika kidevu, akanitazama macho yote mawili, kama anayekagua mzigo kama umevunjika.

"Ulikuwa unatafuta nini apa?"

"Mashini ya mama."

 Baba hakuwa mtu wa kunyamaza. Neno lilimwasha ulimi mpaka alitoe.

"Mashini haiko apa," akasema. "Haikuungua. Siku ya moto mama yako aliiweka ku kichwa, miye nikakubeba weye. Tukavuka mupaka mpaka Gisenyi. Aliibeba njia yote, alikataa hata niipokee. Siku ya tatu ukaanza kuhara, ukawa mwepesi sawa jani. Hatukukuwa na kitu. Akaipeleka ku soko kwa mama moya, akarudia na dawa."

Nikamwuliza kwa nini basi anasema iko chini.

"Alisema uyu muzigo tusimutwike mutoto. Moto umebeba vitu vyote vya batu, ubebe na iyi." Akafuta uso kwa mkono. "Kavira. Usimuambie kama nimekuambia. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia zaidi ya alivyotaka nisikie. Nilitazama vidole vyangu, magoti yangu, nikaona kwamba kila kipande changu kimetoka kwenye ile cherehani, na niliona aibu kwa kuwa mzima. Mtoto wa miaka kumi na moja hana mahali pa kuweka jambo kama hilo. Wa juu wakaifungua ile mipira kwenye mwamba, ikashuka, baba akaikusanya, akanigeuza, akanifunga mgongoni kwake, mara tatu kifuani, mara mbili miguuni, kama alivyofunga makabichi, akakaza mpaka ikalia. Uso wangu ulikuwa kwenye shati lake. Mpira, makaa, jasho. Akapiga kelele, kamba ya ng'ombe ikakaza, haikurefuka hata kidogo, na tukaanza kupanda.

Mama alikuwa ukingoni. Alikuja peke yake, amevaa kandambili zisizofanana, vumbi la mawe bado limo kwenye nyusi zake. Watu walikuwa wananifungua kutoka mgongoni kwa baba na yeye alinitazama tu, kama mtu anayesoma barua kabla ya kuamua alie au asilie. Pembeni yake Furaha alikuwa amemkumbatia kuku.

"Ulifuata nini mule?" mama akaniuliza.

Baba alikuwa anakunja mipira. Mikono yake ilisimama.

"Kuku wa Mama Furaha," nikasema. "Alianguka. Nikamufuata, tukamutoa mu kikapu."

Mama akamtazama kuku. Akanitazama mimi. Akasema, "Sawa," akafungua kitenge chake, akanifunika, na tukarudi nyumbani. Baba alinipiga siku ya pili, kwa ajili ya mipira, lakini alinipiga kama mtu anayetimiza wajibu.

Tangu hapo niliishi na ule uongo kama watu wanavyoishi na ndugu mgonjwa chumbani. Mama aliendelea kugonga sakafu kwa kisigino kila mgeni alipomuuliza. Mimi niliendelea kuitikia. Nilianza kumvunjia mawe baada ya shule bila kutumwa, nikamtungia uzi kwenye sindano, nikawa mtoto mzuri kupita kiasi, ule uzuri wa mtu anayetaka kulipa na haruhusiwi kusema analipa nini. Ulinichosha. Niseme wazi, nilimchukia kidogo wakati mwingine, kwa kunipenda namna ile bila kuniuliza. Nilipopata kazi, kabla ya kununua viatu, nilimnunulia cherehani. Aliizunguka, akaligusa gurudumu lake, akasema, "Iko sawa ile yenye ilibaki chini." Nikamjibu, "Ndiyo, mama, sawa ile." Tulikuwa wawili tu chumbani, hakukuwa na mgeni wa kudanganywa, na bado tulidanganyana kwa adabu zote.

Yule baba wa chukudu alimaliza kufunga. Cherehani inakwenda mtaa wa Ndosho, kwa binti wa Furaha anayejifunza kushona. Nilimsindikiza mpaka njiani, akaweka goti lake kwenye ubao, akasukuma, mipira ikalia kidogo kwenye shimo la kwanza ikashika. Nilirudi ndani nikalala na viatu.

Lakini sijasema neno la mwisho la mama. Wiki yake ya mwisho alikuwa haongei sana, aliniacha nimgeuze na kumnywesha uji kana kwamba mwili ni wa jirani. Mchana mmoja nilidhani amelala. Nilikuwa kwenye kiti, nasinzia, sijalala kitandani siku nne.

"Kavira," akasema. "Ule kuku."

"Kuku gani, mama?"

"Wa Mama Furaha. Uliniambia alianguka mu shimo."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa amefungwa miguu. Nilimuona ku mikono ya Furaha." Alipumzika, akavuta pumzi. "Kuku mwenye kufungwa miguu, anatembeaka namna gani mpaka anaanguka?"

 Miaka yote ile, kila kisigino kwenye sakafu, kila "ndiyo, mama."

"Papa yako alikuwa mutu muzuri," akasema, "lakini kinywa yake haikukuwa na mulango. Nilijua ile saa ile."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Na weye, juu ya nini haukusema?"

Nikaanza kulia, kilio cha mtu mzima, kibaya, kisicho na sauti. Nilimshika vidole vile vilivyokuwa na makovu ya sindano na nyundo, nikamwambia anisamehe ile mashine. Akafungua jicho moja, akanitazama kwa hasira kidogo, kama nilipokuwa namwaga maji ya kunywa.

"Ile mashini ilikuwa na makelele," akasema. "Na weye ulikuwa na makelele. Nyumba ilikuwa ndogo. Nilichagua kelele moya tu."